Siha ya Kingo za Mto Ruhuhu na Namna ya Kuipima kwa Haki



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa macho na kwa miguu kuliko mimi nilijuavyo kwa vitabu, nalo ni hali ya majani, vichaka na miti iotayo kandokando ya mto wetu huu, tangu vijito vyake vya milimani hata mlango wake hapa ziwani. Swali nililokuja nalo ni moja: kwa mizani gani tutajua kwamba ukingo fulani ni mzima na ukingo mwingine una maradhi, na ni nani anayestahili kuishika mizani hiyo? Jibu langu nitalitaja mapema ili msikilizaji apate nafasi ya kunihoji hatua kwa hatua: siha ya ukingo haipimwi kwa ukijani wake, wala kwa wingi wa miti yake, bali kwa kazi uifanyayo mahali pale hasa ulipo, na kipimo hicho hakiwi cha insafu mpaka kifanywe katika bonde zima, juu na chini, kwa kanuni moja, na wakaao bondeni wakiwa miongoni mwa wapimaji.

Yafaa kwanza tukumbushane ukubwa wa jambo lenyewe. Ruhuhu, ambao mlango wake uko baina ya Lituhi upande wa kusini na Manda upande wa kaskazini, ndio mkubwa kupita mito yote iingiayo Ziwa Nyasa kutoka ardhi ya Tanzania. Chanzo chake ni nyanda za juu za Njombe, ambako mji wenyewe umekaa kadiri ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko hushuka kuelekea kusini, kisha hugeuka magharibi na kuingia ziwa ambalo uso wake hauzidi mita 480 juu ya usawa huo wa bahari. Njiani hupokea maji ya Ludewa, yakiwamo ya mto Mchuchuma, na maji ya Umatengo, upande wa Mbinga, yaletwayo na mto Mngaka. Eneo lote ambalo mvua yake humiminikia mto huu ni kadiri ya kilomita za mraba 14,000, nalo ni zaidi ya mara tano ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Ndani yake mna mikoa miwili, halmashauri kadha wa kadha, mashamba ya kahawa na ya chai, misitu ya kupandwa, machimbo ya makaa ya mawe, na vijiji ambavyo watu wake hawajapata kuonana hata siku moja, ilhali wanatumia maji yale yale.

Na sisi wa Lituhi tuko mwisho wa njia. Kila kitendwacho huko juu, kiwe chema au kiovu, hutufikia hapa, ama kwa sura ya maji meupe ya kiangazi, ama kwa sura ya tope jekundu la masika ambalo mvuvi huliona likitanda ziwani mbali na nchi kavu. Kwa hiyo aliye mlangoni mwa mto ana haki ya kuuliza habari za kingo asizozikanyaga, na aliye chemchemini ana wajibu wa kujibu. Lakini swali lisilo na kipimo huwa lawama tu, na jibu lisilo na kipimo huwa udhuru.

Sasa na tutazame kazi ya ukingo. Mimea ya kandokando ya mto hufanya kazi nne ambazo hapana jiwe wala saruji iwezayo kuzifanya zote pamoja. Ya kwanza, mizizi yake hushika udongo, na hasa mizizi ya mkuyu na ya mzambarau mwitu, ambayo hujisokota ndani ya ukingo hata maji ya gharika yakashindwa kuubomoa. Ya pili, majani yake manene ya chini, matete na nyasi, hupunguza kasi ya maji yatiririkayo kutoka mashambani, na maji yakipungua kasi huacha mchanga na matope kabla ya kuufikia mto. Ya tatu, kivuli chake huzuia jua lisiyapashe moto maji ya kijito, kwa kuwa maji ya moto hushika hewa kidogo, na samaki hutaka hewa. Ya nne, majani yaangukayo majini ndiyo riziki ya vijidudu vidogo vya mtoni, na vijidudu hivyo ndivyo riziki ya samaki.

Tumtwae mbasa awe ushahidi, maana watu wa mwambao huu hawahitaji kuelezwa thamani yake. Samaki huyu huishi ziwani, lakini majira ya mvua yakifika hupanda mitoni kutaga, naye hutaga katika maji yaendayo, juu ya changarawe safi. Changarawe hiyo ikifunikwa na tope laini, mayai hukosa hewa yakafa pale pale. Mvuvi ambaye nyavu zake zimerudi tupu aghalabu humshutumu mvuvi mwenziwe mwenye nyavu za matundu madogo, na pengine ana haki. Lakini yamkini sehemu ya hasara yake ilianzia mbali sana na ziwa, katika ukingo uliofyekwa na mtu ambaye hajapata kumwona mbasa maisha yake yote.

Hata hivyo haifai kuisifu miti kwa fadhila isiyo yake. Wako wasemao kwamba mti popote upandwapo huongeza maji ya mto, na kauli hii imekaririwa mikutanoni hata ikawa kama sheria. Lakini Afrika ya Mashariki ilikwisha kulifanyia jambo hili majaribio kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Shirika la utafiti wa kilimo na misitu la nchi zetu, lililokuwa na makao yake Muguga nchini Kenya, lilichagua vibonde vidogo mahali mbalimbali, Kericho, Kimakia, Atumatak katika Karamoja, na hapa kwetu Mbeya, likayapima maji yake miaka mingi kuanzia miaka ya 1950. Huko Mbeya kibonde kimoja kilikuwa na msitu na cha pili kilikuwa kimelimwa na wakulima wadogo. Na maji ya kiangazi yaliyotoka katika kile kilicholimwa yalikuwa mengi kuliko yale ya msituni. Sababu yake ilikuwa bayana: msitu hunywa maji mengi mwaka mzima, na udongo wa Mbeya, ulio wa majivu ya volkano, hupitisha mvua kwenda chini upesi hata ukilimwa. Sisemi haya ili watu wachukue mashoka, maana udongo wa Umatengo si ule wa Mbeya, na shamba lililo salama juu ya udongo mmoja huwa balaa juu ya mwingine. Nasema haya ili tujue kwamba mti wa ukingoni una kazi zake, nazo ni zile nne nilizozitaja, wala kuongeza maji si mojawapo. Na anayetaka kuupima ukingo kwa hesabu ya miti peke yake amechukua kipimo cha kitu kingine.

Na hapa ndipo mikaratusi inapoingia. Katika nyanda za Njombe, mabonde mengi ya juu kabisa, yale yenye unyevu ambamo vijito huzaliwa, kwa asili yake ni mabonde ya nyasi, wala hayakuwa misitu. Mtu akipanda humo mikaratusi au misindano, mpita njia ataona miti mirefu iliyosimama safu safu, naye atashukuru. Lakini chini yake nyasi zimekufa, udongo uko wazi, na unyevu uliokuwa ukihifadhiwa kwa ajili ya miezi ya Septemba na Oktoba umenyonywa. Watu wa Afrika ya Kusini walilitambua jambo hili mapema, kwa vipimo walivyovianza Jonkershoek mwaka 1935, vilivyoonyesha kwamba misindano ilipopandwa katika nchi isiyo ya msitu maji ya vijito yalipungua. Ukingo ule wa Njombe, ijapokuwa una miti mingi kuliko zamani, siha yake imeshuka.

Baada ya hayo natuulize wenzetu wa nchi nyingine wamepimaje. Wataalamu wa Catalonia, katika Hispania, walitunga mizani ambayo maelezo yake yalienea duniani tangu mwaka 2003. Mizani yao ina sehemu nne: ni kiasi gani cha ukingo kimefunikwa na mimea, mimea hiyo ina tabaka ngapi, miti, vichaka na majani, je, ni mimea ya asili au ya kigeni, na je, mkondo wenyewe umeguswa na mikono ya watu kwa kuta na matuta. Kila sehemu hupewa alama kuanzia sufuri hadi 25, na jumla ni 100. Ukingo wenye alama 95 na zaidi uko katika hali yake ya asili. Wenye alama 25 na chini yake umeharibika kabisa. Wataalamu wa Afrika ya Kusini nao, mwaka 2007, walitoa mizani yao, ambayo huugawa ukingo katika kanda tatu, ule ulio majini, ule wa chini na ule wa juu, kisha huulinganisha na hali ambayo ungekuwa nayo lau usingeguswa, na kuupa daraja moja kati ya sita. Na hapa Tanzania, mwaka 2015, wataalamu akiwamo Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mizani ya mito yetu wenyewe, ijulikanayo kwa jina la TARISS, ambayo haitazami majani bali vijidudu vya majini: kila jamaa ya vijidudu ina alama zake kwa kadiri ya uwezo wake wa kuvumilia uchafu, na mto wenye jamaa nyingi zisizovumilia uchafu huhesabiwa kuwa mzima.

Mizani hizi zote zina fadhila kubwa, nayo ni kwamba watu wawili wasiojuana, wakienda mahali pamoja kwa siku mbalimbali, watarudi na majibu yanayokaribiana. Sokoni, kama kila muuza mchele angekuwa na pishi yake mwenyewe, kusingekuwa na biashara bali ugomvi. Na bonde la mto ambalo kila afisa na kila kijiji kina pishi yake halina tofauti na soko hilo. Lakini pishi ya ugenini haichukuliwi ikatumiwa bila kutazamwa. Mizani ya Catalonia ilitungwa kwa mito ambayo kingo zake kwa asili ni misitu. Ukiileta hapa mlangoni mwa Ruhuhu, ambapo mto hutanda juu ya mchanga na kuhama njia yake kila gharika, ukayakuta matete matupu, mizani hiyo itakupa alama chache na kukuambia kwamba ukingo ni mgonjwa, ilhali matete ndiyo yanayopafaa mahali hapo, ndiyo yanayoshika mchanga, ndimo samaki wadogo wanamojificha. Ukiipeleka Njombe katika bonde la nyasi, itaitukana nyasi. Basi kila ukanda wa bonde hauna budi kuwa na kielelezo chake: nyanda za juu kielelezo chao ni bonde bichi la nyasi, mabonde membamba ya Umatengo na ya Ludewa kielelezo chao ni vichaka na miti yenye tabaka, tambarare ya Lituhi na Manda kielelezo chake ni matete, mafunjo, na mikuyu iliyosimama mahali palipo imara. Tukishakubaliana juu ya vielelezo vitatu hivyo, ndipo alama ya 60 ya huku na alama ya 60 ya kule zitakapokuwa na maana moja.

Wengine watasema: siku hizi viko vyombo angani, kwa nini tuchoke? Ni kweli kwamba tangu mwaka 1972 satelaiti za Marekani ziitwazo Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia, na tangu mwaka 2015 Ulaya nayo ina zake ziitwazo Sentinel-2, na picha hizo hutolewa bila malipo. Hupima ukijani kwa hila nzuri: jani zima hunyonya nuru nyekundu na kurudisha nuru nyingine ambayo jicho la mwanadamu haliioni, na tofauti ya nuru hizo mbili hutuambia jani lina nguvu kiasi gani. Kwa njia hiyo mtu aliyeketi ofisini aweza kuona ni wapi ukanda wa kijani umekatika katika miaka 30, na jambo hilo lisingewezekana kwa miguu. Lakini na tufanye hesabu. Doa moja la picha ya Landsat lina mita 30 kila upande, na la Sentinel-2 lina mita 10. Ukanda wa ukingo wenye upana wa mita 60 huingia madoa mawili ya kwanza, au sita ya pili. Na kijito cha Umatengo ambacho ukanda wake uliosalia una mita nne au tano hakionekani kabisa, kwa kuwa doa moja limechanganya kijito, migomba na kahawa, likatoa jibu la wastani. Fauka ya hayo, satelaiti haibagui vyema kati ya mkuyu na mkaratusi, wala kati ya matete na mpunga uliostawi. Vyote huviona kijani. Kwa hiyo picha za angani zitumike kutuonyesha mahali pa kwenda, lakini hukumu itolewe na aliyefika.

Na akifika, afanye nini? Natamani kulieleza hili kwa tafsili, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jambo la kwanza ni kuchagua vituo. Desturi mbaya ya wapimaji ni kupima pale gari linaposimama, yaani darajani na kivukoni. Na darajani ndipo mahali palipochakaa kuliko pote, kwa kuwa hapo watu huchota maji, hufua, hunywesha mifugo na huchimba mchanga. Mwenye kupima madaraja matupu atatangaza kwamba mto wote umekufa. Vituo vichaguliwe kwa kura juu ya ramani, vingine nyanda za juu, vingine mabonde ya kati, vingine tambarare, na katika kila tawi kubwa viwepo. Na mahali penye shughuli nzito, kama vile machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, kituo kimoja kiwe juu ya shughuli hiyo na kingine chini yake, ili asiyehusika asisingiziwe na anayehusika asipate pa kujificha.

Kituo kikishapatikana, hupimwa mita 100 za ukingo, na kamba yenye mafundo kila mita moja hunyoshwa kutoka ukingoni mwa maji kwenda nchi kavu, hata pale shamba linapoanza. Wapimaji wawe watatu, na angalau mmoja awe mtu wa kijiji hicho. Katika kila fundo hutazamwa mambo matatu: juu ya kichwa kuna kivuli au mbingu, mbele ya macho kuna kichaka au hakuna, na chini ya mguu kuna majani, takataka za majani, au udongo mtupu. Wawili huandika kila mmoja peke yake bila kuchunguliana, kisha hulinganisha; wakitofautiana sana, hurudi kwenye fundo wakatazama tena pamoja. Ukingo wenyewe hutazamwa kama umelika, mizizi iko nje au imefunikwa, na kama kuna njia za mifugo zilizochimba mifereji.

Kisha hutazamwa jambo ambalo jicho la haraka hulipita, nalo ni miche. Simama chini ya mkuyu mkubwa wa mtoni, wenye shina ambalo watu watatu hawalizungushi mikono, na majani yake yametanda juu ya maji. Mtu atasema hapa pana uzima. Lakini inama utafute mche wa mkuyu wenye kimo cha goti, tafuta mwingine wenye kimo cha mtu, tafuta mzambarau mwitu mchanga na mkangazi mchanga. Usipouona hata mmoja, kwa sababu mbuzi wameila miche au kwa sababu jembe hupita hapo kila mwaka, basi ukingo huo una kivuli leo na hautakuwa nacho mti huo ukianguka. Tena tazama ni miche ya nini: kama iliyojaa ni mipera na lantana, ukingo umekwisha kupata mrithi, lakini si mrithi wa nasaba yake. Kwa rai yangu, katika alama zote za ukingo, alama ya miche ipewe uzito wa kwanza, kwa kuwa nyingine zote husema habari za jana na leo, na hii peke yake husema habari za kesho.

Vipimo hivi virudiwe mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Mei, gharika zikiisha, ili ijulikane maji yamebomoa nini, na mwezi wa Oktoba, ukame ukifika upeo wake, ili ijulikane ni nini kilichobaki hai na ni nani aliyeingia ukingoni kutafuta unyevu. Mwaka mmoja hautoshi kutoa hukumu, maana mwaka wa mvua nyingi huficha maradhi na mwaka wa njaa huyatia chumvi.

Lakini ukingo hauishi peke yake. Nyuma yake kuna mteremko. Hapa naomba niwataje wakulima wa Umatengo na kilimo chao cha ngoro, ambacho wageni wametoka hata Japani kuja kukisoma, na Chuo Kikuu cha Sokoine kikashirikiana nao kukichunguza katika miaka ya 1990. Mwisho wa masika mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, hata mteremko wote ukawa kama umechorwa miraba. Kisha mwanamke huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi zile, akapanda maharage juu ya matuta yaliyotokea, na katikati pakabaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia: kila shimo huyameza yake, na tope hubaki shimoni, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Hivyo ukingo mwembamba ulio chini ya mteremko wa ngoro waweza kuwa mzima, kwa kuwa kazi yake ya kuchuja imekwisha kufanywa juu. Na ukingo mpana ulio chini ya shamba lililolimwa kwa matuta yanayoteremka moja kwa moja waweza kushindwa, kwa kuwa umebebeshwa mzigo usio wake. Mpimaji asiyeinua macho kutazama mlima atamtuza asiyestahili na kumlaumu asiye na hatia.

Neno hili latufikisha kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na hakuna kijiji ambacho hakijaisikia hesabu hiyo. Nia yake ni njema, na nchi yenye mpaka ulio wazi ni bora kuliko nchi isiyo na mpaka. Walakini mita 60 ni kipimo cha umbali, si kipimo cha siha. Pande zote mbili za mto zikihesabiwa, kila kilomita moja ya mto hutwaa hekta 12, zinazokaribia ekari 30. Katika bonde jembamba la Umatengo, mita 60 huenda zikammaliza mtu shamba lake lote la chini, lile linalompa mboga na mahindi mabichi wakati ghala liko tupu; katika tambarare ya Lituhi, mita 60 huenda zikawa haba, kwa kuwa mto wenyewe huvuka mpaka huo ukihama. Na mtu anayelima vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, kwa sababu ya njaa hafanani na tajiri anayepanda ekari 50 za mikaratusi chemchemini, ingawa wote wawili wako ndani ya mita zile zile. Kipimo cha siha nilichokieleza ndicho kitakachoipa sheria macho: kionyeshe ni wapi jembe limeubomoa ukingo na ni wapi mkulima ameacha matete na miti akalima nyuma yake bila madhara.

Tena nawaambia wakuu waliopo hapa, kwa adabu zote: kipimo kikitumiwa mara moja tu kuwa ushahidi wa faini, basi mwaka wa pili hamtapata mwanakijiji wa kushika kamba, wala mzee wa kuwaonyesha ukingo ulikuwa wapi alipokuwa kijana. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina mamlaka na wataalamu; jumuiya za watumia maji nazo zimewekwa na sheria ya mwaka 2009. Kinachohitajika ni kuwakutanisha wa Njombe na wa Nyasa kwenye hesabu moja. Tunao mfano wa kuogofya katika nchi hii hii: Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 ulianza kukauka majira ya kiangazi, na ugomvi juu ya nani aliyeukausha, mkulima wa mpunga, mfugaji au mwingine, ukaendelea miaka mingi na watu wakahamishwa. Ruhuhu bado unatiririka mwaka mzima. Kupima sasa ni nafuu kuliko kubishana baadaye.

Basi haya ndiyo ninayowaomba. Wa Lituhi na Manda, chagueni vituo vyenu vya kwanza kabla ya mvua kuanza, mwezi wa Oktoba huu, na daftari la vipimo likae katika ofisi ya kijiji mahali ambapo kila mtu aweza kulifungua, awe mvuvi, mkulima au mwanafunzi. Walimu, wapeni wanafunzi wenu kamba na fito, maana kazi hii haitaki shahada, yataka uaminifu na subira. Waheshimiwa wa halmashauri na wa Bodi ya Maji, wahimizeni wa Njombe, wa Ludewa na wa Mbinga wafanye hivyo hivyo, kisha mlete madaftari yote mezani pamoja kila mwaka, mbele ya wakulima na wavuvi, na alama zisomwe kwa sauti, kituo kwa kituo. Na mkulima ambaye ukingo wake umepanda alama, atajwe hadharani na asaidiwe miche. Na yule ambaye wake umeshuka, aulizwe kwanza sababu, ndipo aonywe.